Huku wananikagua mimi, nyumbani wanakagua chupa

Jumamosi jioni nilikuwa navuka mto Rhine kurudi Ujerumani ninakoishi, kutoka Alsace upande wa Ufaransa, buti imejaa katoni za mvinyo mweupe, Riesling na Pinot Gris, mpaka gari limekaa chini kwa nyuma. Upande wa Kehl, mwisho wa lile daraja la kutoka Strasbourg, polisi walikuwa wanasimamisha magari. Gari la mbele yangu likapungiwa mkono, likapita. Mimi nikaelekezwa pembeni. Pasipoti, kibali cha kuishi, unatoka wapi, unafanya kazi gani. Kijana wa watu akamulika tochi siti ya nyuma, akaomba nifungue buti, akazimulika katoni zote, akaniambia nifunge. Akanirudishia karatasi zangu na kunitakia safari njema. Kuhusu mvinyo hakuuliza hata neno.

Nilicheka njia nzima, kicheko cha hasira. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na wanachotafuta ni watu. Chupa haziwahusu. Ndani ya Umoja wa Ulaya mtu anaweza kubeba mvinyo wa matumizi yake mwenyewe bila kulipa kitu mpakani, na kipimo cha kuanza kumshuku kwamba anafanya biashara ni lita 90, yaani chupa 120. Riesling yangu inatembea kwa uhuru kuliko mimi niliyeinunua.

Nyumbani ni kinyume chake. Natua, mtu wa uhamiaji anaitazama pasipoti, "karibu nyumbani kaka," muhuri, nimepita. Hakuna anayeniuliza nina haki gani ya kuwepo pale. Raha ya neno hilo anaijua aliyekaa nje. Halafu nafika kwenye mkanda wa mizigo, na udugu unaishia hapo.

Kabla hamjanirukia, najua kanuni. Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mtu mzima lita 2 za mvinyo bila ushuru. Ni kidogo, lakini Ulaya nayo kwa anayetoka nje ya Umoja inatoa lita 4 tu za mvinyo usio na mapovu, kwa hiyo kwenye tarakimu sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni kwamba kwetu anayetaka kulipa ndiye anayeshukiwa.

Safari moja nilibeba chupa 6. Kwenye uwanja mmoja, ambao sitautaja, nikaenda kwa miguu yangu mlango mwekundu, ule wa forodha kwa wenye cha kulipia ushuru, risiti mkononi.

"Mkubwa, nina mvinyo umezidi kiwango. Nataka kuulipia."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Ngapi?"

"Sita."

"Za nini?"

"Za kunywa."

"Wewe na nani?"

Akatoa moja kwenye soksi niliyoivalisha. Chupa za Alsace ni ndefu na nyembamba, shingo yake haiishi. Akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akakwaruza kona ya lebo kwa ukucha kuona kama itabanduka. Kisha akaisoma risiti. "Hii ya Ufaransa. Mvinyo wa Ufaransa hauwezi kuwa bei hii. Umeandikiwa." Nikamweleza kwamba nimenunua kwa mkulima mwenyewe, ghalani kwake, na kwamba Ufaransa wanatengeneza mvinyo wa kila siku kwa wingi kuliko huo wa kifahari anaousikia. Wapi! Alikuwa ameshapanga bei yake kichwani, na kwa bei hiyo ushuru ungenunua chupa nyingine 6. Akashusha sauti: "Sasa tunafanyaje?"

Mnaijua hiyo sentensi. Mnajua na jibu linalotakiwa. Nikasema nasubiri.

Nikasubiri mpaka zamu ikabadilika. Akaja binti mmoja, mdogo kwangu kwa miaka mingi, akasoma risiti, akafungua kompyuta. Chupa 2 akaziweka kando kama msamaha, 4 zilizobaki akazipigia hesabu kwa bei ya risiti, akachapa karatasi, akanionyesha dirisha la kulipia. Nilipomuuliza kwamba chupa 2 ni lita moja na nusu, je, ile nusu lita ya haki yangu imekwenda wapi, akatabasamu: "Leta chupa ya nusu lita, kaka." Nilitoka pale kifua mbele. Nilitamani wangemwona wale wanaosema kwetu mambo hayawezekani. Yanawezekana, tena ukitumia kompyuta ileile na fomu zilezile. Ndiyo maana yule wa kwanza ananiuma zaidi. Angekuwa hana vifaa ningemhurumia.

Najua sasa hivi kuna mtu anaandika jibu. "Umekwenda juzi tu, leo unatufundisha Riesling." Ndugu yangu, sikufundishi. Ningekuwa nakusanya viatu vya mpira usingesema neno, ungeniuliza saizi. Mvinyo una laana hiyo: ukiujua kidogo unaonekana unajisikia. Kwa asiyekunywa kwa imani yake sina neno, namheshimu, na makala hii apite nayo pembeni bila kinyongo. Mwingine atasema hela hiyo ningejengea. Nimejenga. Tena nimejenga stoo ya chupa, nitaieleza hapo chini, mpate cha kunisema vizuri.

Na yule wa "kama huko kuzuri, baki huko"? Nani kasema kuzuri? Nimetoka kueleza jinsi ninavyomulikwa tochi. Hata kwenye kodi hawa wana vituko vyao. Mwaka 1902 Ujerumani ya Kaizari iliweka kodi kwenye mvinyo wa mapovu ili kugharimia jeshi la majini. Mwaka 1919 mabaharia wenyewe walizizamisha zile manowari kule Scapa Flow, ghuba ya Uskoti. Kodi haikuzama, mpaka leo tunailipa tukinunua shampeni na ndugu zake dukani. Kwa hiyo serikali kung'ang'ania kodi si ugonjwa wa kwetu peke yetu. Tofauti ni kwamba hii imeandikwa, ni ileile kwa kila mtu, na hakuna anayeshusha sauti.

Sasa hiyo stoo. Kukusanya mvinyo maana yake ni kuupa muda, na muda unataka mahali tulivu. Mvinyo unapenda nyuzi 13 hivi, giza, chupa zenye kizibo cha gome zilazwe ili kizibo kisikauke kikapitisha hewa. Za kofia ya kuzungusha hata zikisimama ni sawa. Huku sijafanya kazi yoyote: chumba cha chini ya jengo, majirani wanapowekea baiskeli na matairi ya theluji, kinakaa baridi mwaka mzima chenyewe. Wanaonizunguka hawajui kwamba hiyo ni mali. Wanaweka viroba vya viazi.

Nyumbani nilianza na friji ya mvinyo, kwa sababu ndiyo kila kitabu kinayoshauri. Waandishi wa vitabu hivyo umeme wao haukatiki. Friji ikizimika usiku na kuwaka asubuhi, chupa inapanda na kushuka, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakoua. Joto likipanda, mvinyo unatanuka, kizibo kinasukumwa juu, mara unaona utepe wa unyevu unaonata shingoni. Ukiona hivyo fungua unywe jioni hiyohiyo, usingoje sherehe. Afadhali nyuzi 20 zisizobadilika kuliko 13 leo na 30 kesho. Basi nikaachana na friji. Stoo yangu ni chumba cha katikati ya nyumba, hakina ukuta unaopigwa na jua wala dirisha, kuta mbili, katikati yake povu gumu la kuzuia joto. Ina kipimajoto kinachotunza kiwango cha juu na cha chini, kwa hiyo hata nikiwa mbali shemeji anapiga picha na kunitumia. Siyo ghala la Bordeaux, kule kwenye mvinyo maarufu wa Ufaransa. Inatosha kwa mvinyo wa miaka mitatu minne, na ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mvinyo duniani imetengenezwa inywewe ndani ya muda huo. Anayesema kila chupa inaongezeka utamu ikizeeka anauza chupa.

Kuhusu ndege, wengi wanaogopa bure. Mvinyo wa kawaida hauvuki asilimia 24 za kilevi, hivyo kanuni za usalama wa anga haziwekei kikomo cha lita kwenye begi la kupakia. Kikomo cha lita 5 ni cha vile vikali vya juu ya hapo. Kinachokumaliza ni uzito: chupa moja ikiwa imejaa huzidi kilo, na begi lako ni la kilo 23. Weka katikati ya nguo, mbali na kingo. Kizibo cha shampeni nacho hakifyatuki angani, sehemu ya mizigo ina hewa iliyoshindiliwa kama ya abiria.

Ila kuna mvinyo mmoja ambao kwa maoni yangu umetengenezwa kwa ajili yetu, na hatuunywi. Madeira, wa kile kisiwa cha Wareno kwenye Atlantiki. Zamani za matanga, mapipa yake yalisafirishwa ndani ya meli kupita nchi za joto, na yaliyorudi bila kuuzwa yakaonekana yamekuwa matamu kuliko yalivyoondoka. Wakaanza kuupasha joto kwa makusudi, nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi isiyopungua 3, na ulio bora zaidi huachwa miaka kwenye mapipa darini, kwenye joto la jua. Ukishapita huko, umeme wa kwetu utauweza? Chupa ikifunguliwa hudumu miezi. Hauna haja ya stoo yangu yenye kuta mbili. Tena baadhi ya chupa zake ni za nusu lita.

Kwa hiyo hesabu ya safari ijayo nimeshaifunga: Riesling 2, Madeira 1, jumla lita 2 kamili, mlango wa kijani wa wasio na cha kulipia. Na akitokea mtu wa kuniambia Madeira ina asilimia 19 kwa hiyo ni spiriti, aje na jedwali lake la forodha. Mvinyo ulioongezwa pombe uko namba 22.04 pamoja na mvinyo wa kawaida wa zabibu. Spiriti ni 22.08. Nimeziandika zote mbili kwenye karatasi, nimeifungia kwenye shingo ya chupa.