Yalala, Yaendeshwa

Jamani wenye akaunti za benki, hivi nyinyi mwalalaje usiku? Mie mesej imeniingia asubuhi mahamri bado iko mdomoni, ati akaunti yako imekatwa shilingi 250, asante kwa kuwa nasi. Asante ya nini na umejichukulia mwenyewe? Kutazama chini kuna mkato mwingine, mdogo mdogo, huo ni wa hiyo mesej. Na wa tatu ni ushuru wa serikali juu ya hiyo ada. Yaani nimetozwa kwa kutozwa.

Nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, nikajipaka uturi, maana mtu ukienda kudai umevaa ndala hawakusikizi. Feri ya Likoni leo siizungumzi. Jua la Moi Avenue pia silisemi.

Ndani ya benki nikangoja mpaka uturi ukaisha, ndo nikaitwa kwa kijana mmoja wa tai, mpole kweli. "Karibu mzee wangu, shida yako?" Namwambia mwanangu, shida sina mie, mnayo nyinyi, mmekaa na pesa yangu. Akabonyeza kompyuta, akabonyeza, akafinya macho. "Hii ni ada ya kuendesha akaunti mzee." Yaendeshwa kwenda wapi? Mbona nikija naikuta papo hapo? "Ndiyo mzee, kwa vile haitembei, imelala, kwa hivyo kuna na ada ya kulala." Ngoja kwanza. Yaendeshwa ama yalala? "Zote mbili. Hii ya juu kuendeshwa, hii ya chini kulala." Walahi hata gesti za Mwembe Tayari hukutoza kulala tu!

Basi nipe steitmenti nione kwa macho yangu. "Ni shilingi mia kwa kila ukurasa mzee, twakata kwa akaunti." Haya kata. Akabonyeza tena. Akanyamaza. "Salio halitoshi."

Foleni yote nyuma ikacheka, mama mmoja wa buibui akapaza sauti, "Ami, waulizie na yangu!" Hapo nikapanda kichwa, nikawa wakili wa watu. Nikasema mimi Benki Kuu naijua, iko hapo Nkrumah Road, kwa miguu nafika, na mwongozo wa kulinda wateja upo tangu 2013, hamuwezi kubadilisha ada bila kumwambia mtu mapema. Kijana wala hakutoa jasho. "Notisi tuliweka mzee." Wapi? Akanyoosha kidole pale pembeni, penye ua la plastiki. Nikaenda, nikainama, nikasogeza ua, kweli kuna karatasi, kizungu kitupu, vijiherufi vya kutafutia miwani, na nusu yake imefunikwa na kalenda. Kabla sijamaliza mstari wa kwanza askari huyoo, "Mzee, ua haliguswi."

Mie nabebewa pesa, wao walinda ua la plastiki!

Na tusifanye mchezo, niliudhika. Ile hela ni ya kushona viti, sponji na misumari nanunua mwenyewe, na akaunti sikuitaka, ni yule tajiri wa hoteli alisema hanilipi keshi mkononi, lazima benki. Amelipa mara moja, hajarudi tena, simu yangu hashiki, na mie ndo nimebaki nalipia kitanda cha akaunti aliyonifungulisha. Nikapewa fomu nijaze, utapigiwa mzee. Nitapigiwa na nani, hiyo namba ya kupigia walonayo si hii ya mesej, ni ya ile laini niliyoibiwa Kongowea, na kuibadilisha, nimeuliza, kuna ada.

Nikatoka. Tuktuk akaniita mia mbili mpaka Marikiti, hapo tu, nikamwambia panda wewe nikusukume mie. Nikaenda zangu kwa miguu nikanywe ukwaju nipoe roho. Kumaliza gilasi, muuzaji hataki noti yangu, hana chenji, "tuma kwa simu ami, na uongeze ya kutolea." Nimetuma, nimeongeza, na barafu mwenyewe hakutia.