Upinde wa kufungua nao ni wa jadi

Kila nikifungua begi uwanjani na kuanza kuunganisha upinde wangu, hakosekani mtu wa kuniambia kuwa huo si upinde wa jadi. Wa jadi, ataniambia, ni kipande kimoja kutoka ncha hadi ncha. Nimelisikia hilo mara nyingi mno, na leo nalijibu.

Wangu ni wa kufungua, una vipande vitatu: kishikio cha mbao katikati, na mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, inayokazwa kwa bolti. Nakaza, navisha ugwe, nimemaliza. Hauna magurudumu ya pinde za kisasa wala alama ya kulengea. Ni jicho langu na mshale, basi.

Upinde wangu wa kwanza ulikuwa wa kipande kimoja, wa pauni 50. Pauni hizo ni nguvu ya kuuvuta, si uzito wa upinde wenyewe, nazo hupimwa ugwe ukivutwa inchi 28. Ukivuta pungufu kwa inchi moja, zinapungua pauni mbili hadi tatu hivi. Aliyeniuzia alisema nitauzoea. Sikuuzoea. Badala ya vidole kufika pembeni mwa mdomo, viliishia mbele ya kidevu, bega la kushoto likipanda kutafuta sikio, na ugwe ukaniponyoka kabla sijaamua kuuachia. Mwezi wa tatu bega likaanza kuniuma usiku. Na upinde wa kipande kimoja ukishakushinda, huna la kuufanya ila kuuza au kuendelea kuumia.

Nikahamia wa vipande vitatu, nikaanza na mikono ya pauni 30. Niliona hata aibu kidogo, mtu mzima na pauni 30! Lakini kwa mara ya kwanza niliweza kuvuta, nikatulia, nikahesabu mpaka tatu, ndipo nikaachia. Baadaye nikafunga ya 35, kisha ya 40. Kishikio ni kilekile, kiganja changu kinajua kila bonde lake.

Sasa tuizungumze hiyo jadi. Mwanamume wa Kihadzabe kule Ziwa Eyasi huchonga upinde wake mwenyewe. Mtoto naye hushika upinde mdogo angali mdogo kabisa, na pinde zake hukua pamoja naye. Waata, wawindaji wa upande wa Tsavo nchini Kenya, walifika mpaka pinde za zaidi ya pauni 100, lakini hakuna aliyeanzia hapo. Mti huchongwa, ukavutwa, ukachongwa tena, mpaka umkubali mwenyewe. Ukivunjika, pori liko palepale na mti mwingine upo.

Upinde wa dukani wa kipande kimoja umebeba sura ya jambo hilo tu. Haukuchongwa kwa ajili ya mkono wangu wala wako. Tunaukuta na pauni zake, sisi ndio tujikunje tuufuate. Mikono ya kubadilisha inanirudishia kile alichokuwa nacho mzee wa Kihadzabe: upinde unaomfuata mtu. Kwangu mimi hiyo ndiyo jadi yenyewe.

Wala kugawa upinde si jambo la juzi. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na pinde zilizoungwa katikati kwa bomba la chuma, ili zienee kwenye magari ya farasi.

Nakiri kwamba kipande kimoja ni chepesi mkononi, na kwa uzuri hakina mpinzani. Tazama zile pinde za mti wa yew, zaidi ya 130, zilizotolewa baharini kwenye Mary Rose, meli ya kivita ya Kiingereza iliyozama mwaka 1545. Mtu anaweza kusimama mbele yake akasahau njaa. Wangu una bolti, na bolti hulegea. Nimewahi kusikia mlio mdogo, *tak*, kila nikiachia mshale, nikautafuta wiki nzima kumbe ni robo mzunguko tu wa spana. Lakini uzito wa kishikio ndio unaotuliza mkono wangu wakati wa kulenga, na hilo silibadilishi na wepesi wowote.

Jamaa yangu mmoja aliacha upinde wake wa kipande kimoja ndani ya gari, juani, tangu asubuhi hadi alasiri. Mkono wa chini ukajisokota, ugwe haukai tena katikati. Sasa umetundikwa sebuleni kwake. Ungekuwa wa kufungua, angenunua mikono mipya tukawa naye uwanjani Jumamosi iliyofuata.