Naitrojeni ya wahimilishaji na fumbo la shaba

Mwanafunzi wa fizikia anayemaliza kidato cha sita anajua kwamba waya ukipitisha umeme unapata joto, na kwamba joto hilo ni umeme uliopotea njiani. Akibahatika ataambiwa pia kuwa mwaka 1911, mjini Leiden, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi kama nyuzi 269 chini ya sifuri na ukinzani wake, yaani uzuiaji wa umeme, ukatoweka; kitu cha namna hiyo huitwa supakondakta. Lakini sehemu tamu ya habari hii haimfikii: supakondakta za ajabu kuliko zote huzaliwa mlangoni mwa usumaku, kitu kilichosemwa kuwa ndicho kinachoziua. Nafundisha fizikia hapa Dodoma, na naamini tunawanyima vijana haki yao.

Waliosema hivyo walikuwa na sababu. Kwa nadharia ya Bardeen, Cooper na Schrieffer ya 1957, elektroni hushikana mbilimbili kwa msaada wa mitikisiko ya atomi za fuwele, na spini (visumaku vidogo vya elektroni) za kila jozi hutazama pande tofauti. Usumaku huzilazimisha spini kutazama upande mmoja, na jozi huvunjika. Mwaka 1958 Bernd Matthias na wenzake walionyesha kuwa gadolini, metali yenye usumaku, kama asilimia 1 tu, inatosha kuiua supakondakta ya lanthanamu.

Kisha mwaka 1979 Frank Steglich na wenzake, Ujerumani, wakachunguza mchanganyiko wa seriamu, shaba na silikoni. Kila atomi ya seriamu humo ni kisumaku, na elektroni hujiendesha kana kwamba uzito wake umeongezeka mara mamia. Ulipopozwa hadi karibu nusu ya nyuzi moja ya kelvini (kipimo kinachohesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri), ukawa supakondakta. Wengi hawakuamini. Lakini ukiiondoa seriamu na kuweka lanthanamu, ambayo haina usumaku, hali hiyo inapotea. Yule aliyedhaniwa muuaji ndiye aliyekuwa akihitajika! Kwangu mimi, hili ni moja ya majaribio mazuri kabisa ya karne ile, na silioni likifundishwa.

Dunia ilishtuka miaka saba baadaye, Bednorz na Müller wa kampuni ya IBM, Zürich, walipotangaza supakondakta mpya: oksidi ya lanthanamu, bariamu na shaba. Oksidi hiyo kabla ya kutiwa bariamu ina vituko vyake. Kwa hesabu za kawaida ingepaswa kupitisha umeme kama metali, lakini ni kihami. Fikiria daladala ya kwenda UDOM asubuhi, imejaa hadi mlangoni: watu wamo tele, ila hakuna anayeweza kusogea. Elektroni zinasukumana kwa nguvu kiasi kwamba kila moja inabaki kwenye atomi yake ya shaba, na spini zao zinajipanga moja juu, jirani yake chini, fuwele nzima. Bariamu inapoingia, baadhi ya elektroni hushuka. Mpangilio wa spini unavunjika, waliobaki wanapata nafasi, na hapo ndipo ukinzani unapotoweka.

Nini basi kinazishikanisha elektroni hizo? Wataalamu bado wanabishana. Mimi niko upande wa wanaosema ni masalia ya usumaku wenyewe, spini zinazoendelea kutikisika baada ya mpangilio kuvunjika. Mwaka 1994 Chang Tsuei na John Kirtley wa IBM walionyesha kuwa wimbi la jozi hizo hubadili alama, chanya kuwa hasi, kadiri unavyogeuza mwelekeo ndani ya fuwele. Hivyo ndivyo gundi ya kisumaku ilivyotarajiwa kufanya.

Najua nitaulizwa: shule haina hata voltimita nzima, wewe unatuletea supakondakta? Swali ni halali. Jibu langu liko kwenye mitungi ya wahimilishaji, wale wanaopandikiza ng'ombe mbegu kwa mrija. Naitrojeni ya kimiminika inayotunza mbegu za madume ina ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Oksidi ya itriamu, bariamu na shaba iliyogunduliwa 1987 hupoteza ukinzani kwenye nyuzi 180 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo naitrojeni hiyohiyo inaitosha. Unasaga unga wa viungo vyake kwenye kinu kidogo cha maabara (kwa glavu na barakoa, maana kaboneti ya bariamu ni sumu), unauchoma kwenye tanuri la nyuzi 900 na zaidi, unausaga tena, unaugandamiza uwe kidonge, unauchoma tena kwenye oksijeni, kisha unaupoza polepole. Kidonge kikitoka cheusi, una matumaini. Kikitoka kijani, rudia. Kilichofaulu ukikimwagia naitrojeni, sumaku ndogo huelea juu yake.

Kijani kingine tunacho Haneti, wilayani Chamwino: krisopresi, jiwe la vito linalopata rangi yake kutokana na nikeli. Mwaka 2023 watafiti wa China walionyesha kuwa oksidi ya lanthanamu na nikeli, ikigandamizwa kwa zaidi ya mara 100,000 ya kanieneo la hewa, huwa supakondakta kwenye kelvini 80 hivi. Kwa nini, bado hakuna maelezo yaliyokubaliwa na wote. Mwanafunzi wa Chamwino ana haki ya kulisikia swali hilo likiwa bado wazi, kabla wengine hawajalifunga.

Walimu wenzangu wa Kongwa, Mpwapwa na Kondoa: mwenye tanuri linalofika nyuzi 950 aniandikie. Naitrojeni tutawaomba watu wa mifugo.