Nidhamu si kimya

Wiki iliyopita dada yangu alinionyesha ripoti ya shule ya binti yake, mtoto wa miaka 9. Masomo hana tatizo. Chini, kwenye mstari wa tabia, mwalimu ameandika: "Hana nidhamu. Anauliza maswali mengi." Niliusoma mara tatu, na hasira iliyonipanda siku ile bado haijashuka.

Hakutukana, hakupigana, hakutoroka. Ameuliza.

Mtoto huyu huyu nilimwona akitunga shanga Jumamosi asubuhi hadi adhuhuri. Alipokaribia kumaliza akagundua kwamba kule mwanzoni kabisa alikosea hesabu ya rangi. Mimi nisingeliona kosa lile hata angenionyesha kwa kidole. Alinyamaza kidogo, akazivua shanga zote, akaanza upya. Hakuna aliyemsimamia wala kumtishia. Kama ile siyo nidhamu, basi neno hili sijui tumelibakizia kazi gani.

Na shanga zenyewe ziko ndani ya neno. Nidhamu tumeipata kwa Waarabu, na mzizi wake kwao ni kupanga vitu kwa mfuatano, kama lulu kwenye uzi. Mzizi huo huo ndio uliotupa kunadhimu, yaani kutunga mashairi. Sisi wenyewe kwa Kiswahili tunatunga shanga, tunatunga shairi, kitenzi ni kile kile. Mshairi anayehesabu mizani na kurudia mshororo hadi vina vikae ana nidhamu, na hakuna aliyemshikia fimbo. Maana ya kwanza ya neno ni mpangilio, na mpangilio huanza kwa anayepanga.

Tumefikaje kwenye fimbo? Nadhani ni kwa njia ile ile iliyotupa "kumtia adabu". Adabu ni mwenendo mwema. Adhabu ni mateso. Ni maneno mawili yenye asili mbalimbali, yametenganishwa na herufi moja tu, lakini mtu akisema "leo nitamtia adabu" kila mtu anajua mtoto atalia. Wazungu nao hawakusalimika. Neno lao la nidhamu, discipline kwa Kiingereza, linatokana na la Kilatini, disciplina, lenye undugu na discipulus, mwanafunzi. Baadaye watawa wakauita kwa jina hilo hilo hata mjeledi waliojichapia.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna saa ya kutii kwanza na kuuliza baadaye. Mtoto anayekimbilia barabarani hahitaji mjadala. Na mwalimu mwenye darasa lililofurika ana mzigo ambao mimi siubebi. Lakini saa ya hatari ni saa tu. Haiwezi kuwa ndiyo malezi yote.

Maana wenyewe tunalo jina la kitu hiki: nidhamu ya woga. Nilisoma katika darasa la namna hiyo. Mwalimu akiwa ndani tulikaa kimya, mikono juu ya dawati, na wageni walitusifu. Akitoka, hata kabla hajafika mbali, viti vinaruka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi tulikuwa mshindo wenyewe. Tulichojifunza kwa miaka ile ni kusikiliza nyayo. Nimekutana na wenzangu ukubwani, na wapo ambao hadi leo hufanya kazi bosi akiwapo tu. Siwalaumu. Walifundishwa kwamba utaratibu unakaa kwa mtu mwingine, na mtu huyo akiondoka anaondoka nao.

Nidhamu ya fedha, nidhamu ya mazoezi, nidhamu ya muda: huko neno bado lina afya, kwa sababu hakuna anayedhani akiba huwekwa kwa kuchapwa.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 28, unataka nidhamu ya shule iendeshwe kwa njia inayolinda utu wa mtoto. Utu wa mtoto wa miaka 9 umo pia katika maswali yake.

Ripoti ina nafasi ya maoni ya mzazi, na dada ameniomba tuandike pamoja. Binti yake alikaa pembeni, akauliza, "Mjomba, nikiacha kuuliza ndiyo nitakuwa na nidhamu?" Nimemwambia hapana. Kisha nikaandika kwenye ile nafasi: "Tunaomba kujua aliuliza nini, na alijibiwa nini."