Nilipata A kwa mpango wa kangomba

Mwaka wa pili chuoni, kwenye somo la ujasiriamali, tuliagizwa kuandika mpango wa biashara. Mimi mtoto wa Mtwara sikuhangaika kutafuta wazo. Kiwanda kidogo cha kubangua korosho, Mikindani, mtaji shilingi milioni 60, nusu yake mkopo wa benki. Nikapanga majedwali ya mapato na matumizi ya miaka mitano, nikachora visanduku vinne vya nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, nikaprinti kwa rangi kwenye steshenari ya karibu na geti. Kwenye malighafi niliandika kuwa korosho ghafi tutazinunua moja kwa moja kwa wakulima huko vijijini, kwa bei nafuu, kabla msimu haujachanganya. Mhadhiri akaniwekea A na tiki kubwa.

Likizo nikamsomea mama mdogo, ambaye anabangua korosho tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa chini ya mwembe, vidole vimejaa majivu ili mafuta ya ganda yasimbabue. Nilipofika kwenye malighafi akaliweka chini jiwe lake, akacheka mpaka machozi. "Mwanangu, hiyo si kangomba hiyo? Chuoni wanawafundisha kangomba siku hizi?"

Kwa asiyeijua kusini: tangu msimu wa 2007/08 korosho ghafi zinapita kwenye stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka kwenye chama chake cha msingi, mzigo unaingia ghala kuu, unapigwa mnada. Anayemfuata mkulima shambani mwezi wa njaa akamkopesha hela kidogo ili aje achukue korosho kwa bei ya kutupa, huyo ndiye kangomba, na anakamatwa. Mpango wangu ulikuwa huo huo, ila mimi niliuchapa na kuuwekea jalada la plastiki. Mbanguaji mdogo anayetaka mali kihalali ana utaratibu wake na vibali vyake, na mama mdogo alinitajia pale pale ofisi ya kuanzia. Mimi sikuwa nimeuliza mtu yeyote.

Sijamwandama mhadhiri, hakuwa mtu wa huku. Nilijiandama mwenyewe, halafu nikaliandama somo. Tulikuwa darasa zima, wengi wetu watoto wa wakulima wa Tandahimba, Newala, Nachingwea, na hakuna aliyenyoosha mkono kusema jamani, hii ni kangomba. Tulishazoea kwamba mpango wa biashara unaandikiwa msahihishaji.

Sasa tazama kalenda. Chuo kinafungwa mwezi wa saba au wa nane. Ndiyo muda wa fildi, wanafunzi wanatawanywa maofisini kupanga mafaili na kuagizwa chai. Huku mashambani muda huo mikorosho imetoa maua, watu wanapuliza salfa kupambana na ugonjwa wa ubwiri unga, mifukoni hamna kitu. Fedha inaingia kuanzia Oktoba, minada ikifunguliwa, na wiki hizo hizo mwanafunzi anaitwa kuripoti chuoni. Kwa hiyo kijana anasoma ujasiriamali miaka mitatu katika mkoa ambao pesa yake yote inatembea kwa miezi mitatu, na miezi hiyo yeye yuko darasani anasoma habari za vijana wa California walioanzia gereji. Angekuwa nje angeona duka la bati likifungua saa kumi na mbili asubuhi, bodaboda mpya zikiwa bado na nailoni kwenye siti, fundi cherehani akikataa kazi, na mzee aliyelipwa milioni mbili akimaliza laki nne kabla hajafika nyumbani. Kisha Februari angeona duka lile lile la bati, mwenyewe amelala kwenye benchi. Hilo ni somo zima la mtiririko wa fedha. Mkihamishia fildi Oktoba mpaka Desemba, hamhitaji hata projekta.

Na mifano tunayo ya kutosha. Wakati wa gesi, ilipoenea habari kwamba Mtwara itakuwa Dubai, kila mwenye kiwanja alijenga gesti. Bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika 2015, wageni wakapungua, gesti zikabaki na mapazia yake. Nyingine leo zinapangishwa kwa wanafunzi. Yaani mwanafunzi analala ndani ya mfano hai wa kukisia soko vibaya, anaoga, anaenda chuoni kufundishwa kukisia soko. Sijawahi kusikia darasa lililotumwa kumhoji mwenye gesti alikopa kiasi gani na anarudisha vipi.

Au 2018. Wanunuzi walisuasua kwenye bei, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kuwa serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kuzibeba. Ukafuata uhakiki wa kuwasaka kangomba, malipo yakachelewa, na madukani tukaona madaftari ya madeni yakijaa mpaka kurasa za nyuma. Kisanduku cha vitisho kwenye mpango wangu kilikuwa na maneno mawili: "ushindani" na "mvua".

Yuko msomi mmoja, Saras Sarasvathy, mzaliwa wa India anayefundisha Marekani. Aliwaweka chini wajasiriamali 27 wazoefu, akawapa tatizo la biashara na kuwataka wafikirie kwa sauti. Alichokiona, na kukichapisha 2001, ni kwamba wengi hawakuanza na lengo kubwa halafu wakatafuta mtaji. Walianza na walichonacho: mimi ni nani, najua nini, namjua nani. Na badala ya kupiga hesabu ya faida watakayovuna, walijiuliza wanaweza kubeba hasara ya kiasi gani bila kuanguka. Nilimsoma huyu nikiwa nimeshamaliza chuo, nikamkumbuka mama mdogo, ambaye kila msimu huweka pembeni fedha anazoita "za kufa". Zikifa, nyumba bado inakula. Hajawahi kuzidisha hapo hata shilingi elfu kumi. Kuhusu namjua nani, hilo hata halisemeki. Stendi nzima, anakouzia korosho zake, inamwita mama.

Hapa ndipo wajuaji wa mtaani watanirukia: si unaona, biashara haisomewi, ina wenyewe. Hapana. Mama mdogo alikuwa na shimo ambalo hakuliona kwa miaka ishirini, nikaliona mimi kwa somo lile lile ninalolilaumu. Alikuwa hajui gharama zake. Kilo tano za korosho ghafi, ukibangua kwa mkono vizuri, zinakupa kama kilo moja hivi. Hiyo aliijua. Ila kuni hakuzihesabu kwa sababu huzinunua kidogo kidogo, wasichana wanaokuja kumenya ngozi aliwalipa kutoka kwenye fedha ya mboga, na nguvu zake mwenyewe aliziita bure. Tulinunua madaftari mawili, la nyumba na la korosho, na kwa miezi miwili fedha za upande mmoja hazikuruhusiwa kuvuka bila kuandikwa. Tukagundua vipakiti vya shilingi 500, ambavyo ndivyo vilivyomfanya maarufu kwa wapiga debe, vilikuwa vinamla. Kila alichouza alikuwa anaongezea hela yake juu. Akavifuta. Wapiga debe wakanuna wiki nzima.

Kwa hiyo kama unaniuliza usome ujasiriamali chuoni au usisome, jibu langu linategemea umewahi kupoteza hela. Kwa shahada ya kwanza, mtoto wa miaka ishirini ambaye hajawahi kuuza hata visheti, mimi singemshauri ajaze miaka mitatu yote kwa ujasiriamali. Asome uhasibu, kilimo, usindikaji wa chakula, ufundi, kitu ambacho mtu atamlipa kukifanya, na ujasiriamali aupate kama masomo mawili matatu yaliyofundishwa kwa ukali wa hesabu. Shahada ya uzamili ni habari nyingine. Nimekaa na wanafunzi wa uzamili wa jioni, mwenye duka la pembejeo, mwenye fuso mbili, dada aliyefilisika na saluni. Mwalimu akitaja mtaji wa kuzungushia biashara, wao wanatikisa kichwa kabla hajamaliza sentensi. Maswali yao yana majina ya wadaiwa.

Mtoto wa mama mdogo ameanza chuo msimu huu, na somo la ujasiriamali liko kwenye ratiba yake. Siku moja aliliruka akaenda mnadani Tandahimba na begi lake la shule mgongoni. Siku hizi bei zinatokea kwenye skrini, mfumo wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, na wazee wanasimama chini ya miti wanazitazama kama mpira. Alinitumia ujumbe wa sauti dakika sita, anaeleza kwa nini mzigo wa daraja la kwanza wa ghala moja umepata bei chini ya wa ghala jingine, na nani alinung'unika, na nani alisema waikatae bei hiyo. Chuoni amewekwa mtoro. Mama yake anataka nimwandikie barua ya udhuru, na mpaka sasa sijaamua niandike alikuwa anaumwa nini.