Wanajeshi na fagio Septemba mosi, tatizo liko wapi?

Kila Septemba mosi, siku ya kuzaliwa jeshi letu, ikikaribia lazima nimsikie mtu hapa Mwanza anabeza, kaona wanajeshi wanafagia soko ama wako foleni wanachangia damu basi maneno yanaanza, "jeshi gani hilo, si watuonyeshe vifaru". Mi ni mstaafu wa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, vita ya Kagera nimepigana, na kwa taarifa yenu hiyo kazi ya fagio inanipa fahari kuliko gwaride.

Someni historia jamani. Jeshi tulilorithi kwa Mwingereza, Tanganyika Rifles, liliasi tarehe 20 Januari 1964 pale Colito, ndo Lugalo ya leo, ikabidi Mwalimu Nyerere aite wanajeshi wa huyohuyo Mwingereza waje kuwanyang'anya silaha askari wetu. Aibu! Uhuru wenyewe una miaka miwili na ushee. Akalivunja, na Septemba mosi mwaka huohuo likaanzishwa jipya, safari hii wakachukua vijana wa TANU, chama kilichotuletea uhuru, watoto wa mtaani kwenu kabisa, wanaojua wanamlinda nani.

Matunda yake tuliyaona Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera mwishoni mwa 1978. Hatukwenda peke yetu bwana, mgambo walikuwepo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi, magereza, huku nyuma wananchi wanatoa ng'ombe, wanatoa chakula, mwenye lori anatoa lori. Na msidhani vita ilikuwa ya watu wa Kyaka kule Kagera tu, Machi 1979 ndege ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin ilitumwa kuipiga Mwanza hii hii, ikakosa mji mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala, watu wanacheka mpaka leo na mi nacheka pia, ila hebu piga picha yangeangukia Kirumba pale watu wako sokoni. Tarehe 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwetu. Waliotuongoza wengine ni wa kanda yetu hii ya ziwa, Jenerali Musuguri ni wa Butiama hapo, katutoka 2024 na miaka yake 104, mzee wa shoka yule.

Sasa jeshi lililobebwa na wananchi hivyo likirudi kuwafagilia soko limepungukiwa nini? Mi damu yangu hawaitaki tena, umri umepita, ila kufagia nafagia.

Kinachoniuma ni hawa wajukuu. Mashujaa wetu wa vita hiyo wamelala makaburi ya Kaboya, Muleba, mkoani Kagera, na mtoto wa Mwanza anamaliza sekondari hajawahi hata kupasikia, wakati meli ya Bukoba unapanda usiku asubuhi umefika, unamalizia na gari. Walimu wapelekeni. Mkikosa mzee wa kuwaonyesha na kuwasimulia niiteni, nauli nitajilipia mwenyewe.