Kihariri cha msimbo hakijaribiwi kwa macho peke yake

Kati ya vijana wanaotengeneza programu hapa Lubumbashi kuna hoja inayotolewa kwa uhakika mkubwa: kihariri cha msimbo ni kitu cha macho. Ukitaka kujua kama kinafanya kazi, kifungue, andika mistari kadhaa, bofya menyu, utaona mwenyewe. Kukaa kuandika majaribio ya yuniti, yaani msimbo mfupi unaokagua kipande kimoja cha programu peke yake, kwa programu ya namna hiyo ni anasa ya kampuni kubwa za Ulaya na Marekani. Hoja hii ina uzito wake na nitaipa haki yake. Lakini inachukulia kwamba kihariri ni dirisha tu, na hapo ndipo inapopotoka.

Tazama kinachotokea mtu akibonyeza kitufe kimoja. Programu lazima ijue kishale kiko mstari gani na safu gani, iingize herufi kwenye bafa ya matini (sehemu ya kumbukumbu inayoshika maandishi yenyewe), isogeze alama zote zinazofuata, ikumbuke hatua hiyo ili iweze kutenduliwa, halafu ndipo ichore. Kuchora tu ndiko kunakohitaji skrini. Scintilla, maktaba inayobeba vihariri vya Notepad++ na Geany, ina majaribio ya yuniti ya hifadhi yake ya matini yanayokimbia bila dirisha lolote kufunguka. VS Code, kihariri cha Microsoft, nayo imegawanya msimbo wake kwa tabaka, na modeli ya matini imewekwa katika tabaka lisiloruhusiwa kugusa kivinjari wala Electron (mfumo unaoendesha programu za kompyuta juu ya Chromium, msingi wa kivinjari cha Chrome). Aliyeongoza timu ya VS Code huko Zurich ni Erich Gamma, yuleyule ambaye mwaka 1997 aliandika JUnit, zana ya majaribio ya yuniti kwa lugha ya Java, pamoja na Kent Beck. Aliyajua majaribio ya yuniti kabla hajagusa kihariri hicho.

Chukua suala la mwisho wa mstari, ambalo wengi hawalifikirii. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR ikifuatwa na LF. Linux hutumia LF peke yake. Sasa mtu aingize herufi katikati ya CR na LF. Kama kihariri kinahesabu CR iliyobaki peke yake kuwa mwisho wa mstari, matini yaliyokuwa na mistari miwili yanakuwa na mitatu. Akiifuta herufi hiyo, yanarudi miwili. Hesabu ikikosewa hapo, skrini inaweza kuendelea kuonekana safi kabisa, mpaka siku alama ya kosa inayotakiwa kukaa mstari wa 400 itakapokaa wa 401, na hakuna atakayekumbuka nani aligusa nini. Mwaka 2018 VS Code ilibadilisha muundo mzima wa bafa yake. Mtumiaji alilalamika kwamba hawezi kufungua faili la MB 35. Lilikuwa na mistari milioni 13.7, na orodha ya mistari hiyo peke yake ilikuwa ikila takriban MB 600 za kumbukumbu. Ukiwa na kompyuta ya GB 4 unajua hiyo maana yake nini. Muundo mpya ulikuja na majaribio mengi ya CR na LF, na mengine yanayoingiza na kufuta matini kwa bahati nasibu, kisha kulinganisha matokeo na mfuatano wa kawaida wa herufi. Hitilafu ikinaswa, inageuzwa jaribio dogo la kudumu. Kwa macho, nani angebofya hivyo mara elfu kumi?

Na sisi tunaoandika maelezo ya msimbo kwa Kifaransa tuna sababu yetu ya ziada. Herufi é inaweza kuhifadhiwa kama kipande kimoja cha Unicode (mfumo unaoipa kila herufi namba yake) au viwili, e na alama yake ya juu, na kwa macho zote ni ileile. Ukifuta mara moja, kinaondoka kipi? Safu ya kishale inahesabiwaje? Jaribio la swali hilo ni mistari mitatu.

Sasa upande wa pili. Kwenye kibodi ya Kifaransa ya AZERTY, mabano ya { yanapatikana kwa kitufe cha AltGr na 4, na Windows huichukulia AltGr sawa na Ctrl na Alt zikibonyezwa pamoja. Mtengenezaji anayetumia kibodi ya Kiingereza ya QWERTY akiweka njia ya mkato ya Ctrl+Alt+4, ametunyang'anya mabano. Kadhalika ^ ikibonyezwa kabla ya e: kwa muda ule mfupi mfumo wa kompyuta umeishikilia alama, kihariri kinasubiri ê. Jaribio la yuniti linaloingiza ê moja kwa moja kwenye bafa litafaulu kila siku huku mtumiaji wa Kamalondo hapa mjini akishindwa kuandika. Hapo wanaosema "kifungue uone" wako sahihi kabisa. Wako sahihi pia wanapoogopa majaribio yaliyopigiliwa misumari kwenye viungo vya ndani. David Heinemeier Hansson, aliyeunda Ruby on Rails, mfumo wa kutengenezea tovuti, alilalamika mwaka 2014 kwamba kupinda muundo wa programu ili ijaribike kunauharibu, na jaribio linalouliza "je, ndani kuna orodha ya mistari?" lingekufa siku ileile VS Code ilipoiacha orodha hiyo.

Wengine hujibu: basi tuandike majaribio yanayofungua dirisha na kubofya yenyewe. Hapa kuna takwimu ambayo sijaweza kuiacha. Mwaka 2017 Google ilichapisha kwamba kati ya majaribio yake madogo, asilimia 0.5 yalikuwa vigeugeu, yaani leo yanafaulu, kesho yanafeli, msimbo haujaguswa. Kwa majaribio makubwa, yanayoendesha sehemu nyingi za mfumo kwa pamoja, ilikuwa asilimia 14. Hiyo ni mara 28. Mwaka mmoja kabla, walisema kwamba jaribio lililokuwa likifaulu likianza kufeli, katika asilimia 84 ya visa kigeugeu kilihusika. Mlinzi anayepiga kelele za mwizi kila paka akipita, baada ya wiki hakuna anayeamka. Google ina mashine za kurudia jaribio mara kumi. Kijana wa Katuba umeme ukikatika ana betri iliyobaki na mega za intaneti alizonunua. Playwright, zana ya majaribio ya kubofya, peke yake itamwomba apakue vivinjari vya mamia ya MB kabla ya kubofya kitu, na kila Electron inayofunguka inabeba Chromium nzima. Majaribio ya bafa yanakimbia kwa sekunde chache, bila intaneti. Kwa hiyo anayeyaita anasa ameigeuza hesabu: anasa ni roboti ya kubofya.

Kwa timu ya watu wawili watatu hapa, bafa, kishale na kutendua ningevijaza majaribio ya yuniti, likiwemo moja la bahati nasibu linalohakikisha kwamba kuhariri na kutendua kunarudisha matini yaleyale. Kabla ya kutoa toleo, mtu akae na kibodi halisi ya AZERTY na kuandika { [ @ ê kwa mkono, Windows na Linux. Majaribio yanayothibitisha tu kwamba kitufe kina rangi fulani au menyu ina maneno fulani ningeyafuta yote.